Mawifi wa Kinu cha Pili

Siku Arshaluys aliposikia kwamba kinu cha nyuklia cha mji wetu kinazimwa, alikuwa kwenye ngazi za jengo letu na ndoo ya maji machafu mkononi. Mimi nilikaa ghorofa moja chini yake. Mlango wangu ulikuwa wazi na redio ilikuwa inasema kwa sauti ya juu. Akasimama ghafla, maji yakamrukia viatuni.

"Wamesemaje hao, Knarik?"

"Wanazima vyote viwili. Cha Kwanza kinatangulia, cha Pili kinafuata."

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Serikali ipi? Hii hii iliyokuja hapa kutupigisha picha na maua?" Akaibwaga ndoo chini. "Serikali wapi! Huyu ni wifi yangu. Huyu ni Nvard na vibao vyake."

Nusu ya Armenia ilikuwa imeandamana majira yale ya baridi kutaka vizimwe, wazee kwa vijana, maprofesa kwa washona viatu. Arshaluys yeye aliona sura moja tu katika umati ule, sura ya dada wa mumewe, na aliichukia kwa moyo wake wote.

Kukasirika alikurithi. Baba yake alikuwa na shamba la mizabibu mahali palepale palipo na minara ya kupozea maji ya kinu. Wajenzi walipokuja akapewa shamba jingine lenye mawe, na akalilalamikia mpaka alipozikwa. Binti yake akalelewa kwenye malalamiko hayo, kisha akaenda chuo cha ufundi akarudi kufanya kazi kwenye kitu kilekile kilichomlia baba yake mizabibu. Mzee alimnunia mwaka mzima. Lakini Kinu cha Kwanza kilipowashwa, Arshaluys alikuwa ndani, msichana mwenye kilemba cheupe kichwani, akisikiliza mtambo. Kinu kinachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, mtambo unatoa umeme, na kazi yake ilikuwa kuangalia mtambo huo usipate joto kupita kiasi wala kutetemeka. Miaka michache baadaye Kinu cha Pili kikawashwa, akahamishiwa huko. Akaolewa na Bagrat, fundi wa mabomba wa ukumbi uleule wa mitambo. Hawakujaliwa mtoto. Walipewa nyumba juu yangu mimi niliyekuwa mpishi wa chekechea ya mji, na kwa kuwa kuta zetu ni nyembamba, nilijua ugomvi wao wote kwa mfuatano wake.

Nvard alikuwa daktari wa meno Yerevan, mji mkuu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na alikuwa na binti mmoja, Zarmine. Kila kiangazi Zarmine alikuja kukaa kwa mjomba wake hapa kwetu, akila matunda makavu ya aprikoti kwenye roshani na kuhesabu makorongo juu ya nguzo za umeme. Arshaluys alimpenda mtoto yule kuliko alivyokubali kusema. Zarmine alipokua aliolewa kaskazini, Leninakan, mji ambao siku hizi unaitwa Gyumri. Walipata nyumba kwenye jengo jipya la ghorofa tisa na wakafurahi sana.

Halafu Desemba ya 1988 ardhi ikatikisika.

Arshaluys alikuwa kazini. Aliniambia kwamba taa zilibembea, vumbi likashuka kutoka kwenye vyuma vya darini, naye akashika reli na kusikiliza mtambo. Mtambo haukubadilisha sauti hata kidogo. Kinu hakikupata ufa. Walicheka kwa woga, wakapigana mabega, wakasema kumbe kimejengwa vizuri. Ilikuwa jioni walipojua kwamba Leninakan imelala chini.

Bagrat aliondoka na lori la kwanza. Alichimba kwa mikono, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa Zarmine. Alivyomkuta hakumsimulia mtu, hata mkewe.

Kwenye chakula cha mazishi Nvard hakula wala kulia. Aliinua uso akamuuliza kaka yake, "Na hicho kinu chenu, kimekaa juu ya nini?"

"Juu ya mwamba, dada."

"Jengo la Zarmine nalo walisema liko juu ya mwamba."

Hapo mtu mwingine yeyote angenyamaza. Arshaluys, aliyekuwa hajalala tangu siku ile na ambaye roho ilikuwa imemjaa, akasema, "Kinu si nyumba ya ghorofa, wifi."

Nvard alisimama, akavaa koti lake na kutoka. Miezi michache ile iliyofuata tulimwona kwenye televisheni tu, mbele kabisa, akibeba kibao kinachosema kizimwe. Arshaluys alikuwa akiizima televisheni kwa kidole cha mguu, akiwa amelala kwenye kochi, kisha anaiwasha tena kuangalia kama bado yupo.

Vikazimwa vyote viwili, na mji wetu ukawa kama harusi iliyokimbiwa na bwana harusi. Watu walikwenda kazini asubuhi kwa sababu hawakujua kwenda kwingine.

Yaliyofuata kila mtu wa nchi yetu anayajua, na hakuna anayependa kuyasimulia. Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Vita vikaja, majirani wakafunga reli na mipaka, bomba la gesi likawa linalipuliwa kila likishatengenezwa. Umeme ulikuja saa moja kwa siku, pengine mbili, na hukujua ni saa ipi. Watu walikata miti ya barabarani, kisha ya bustanini, kisha mbao za sakafu zao. Kila nyumba ilikuwa na jiko la bati na bomba la moshi lililotolewa dirishani. Na sisi tuliokaa chini ya nyaya nene kama mkono wa mtu, nyaya zilizolisha nchi nzima, tulikaa gizani tukizitazama.

"Wale waandamanaji wanaimba?" Arshaluys alikuwa akiuliza akiwa roshani. "Mbona siwasikii wakiimba? Walipokizima waliimba."

Bagrat hakuvumilia. Jioni moja nilisikia sauti zao juu ya dari yangu.

"Kaskazini mwa Urusi wana vinu, na wanataka mafundi," alisema. "Wametuita wengi. Fungasha twende."

"Nani atazungusha mihimili?"

"Mihimili gani, mwanamke? Kinu kimekufa!"

"Hakijafa. Kimezimwa. Fundi mzima hujui tofauti?"

Mihimili ile ilikuwa kero ya maisha yake. Mtambo mkubwa ukiachwa umelala bila kuzungushwa, mhimili wake unapinda kwa uzito wake wenyewe, na ukishapinda hauna kazi tena. Kwa hiyo kila baada ya muda walikwenda, waliobaki, wakiwa wamevaa makoti na kofia ndani ya ukumbi wenye barafu, wakasukuma fimbo ya chuma mpaka mhimili ugeuke kidogo. Hakuna aliyejua kama kinu kitawashwa tena. Walisukuma tu. Bagrat aliondoka peke yake, akisema atamwita. Arshaluys alimwambia asijisumbue.

Katikati ya majira mabaya kuliko yote ya baridi, mtu aligonga mlango wa juu. Nilichungulia. Nvard alikuwa amesimama kwenye ngazi akiwa amejifunga mablanketi mawili, na nyuma yake, juu ya sleji ya watoto ya kutelezea kwenye theluji, aliyoipandisha ngazi zote hizo, kulikuwa na mashine ya meno ya zamani, ile ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani.

Arshaluys alifungua. Walikuwa hawajasemezana tangu mazishi.

"Nimekuja kwa kaka yangu," Nvard alisema.

"Kaka yako yuko Urusi."

Nvard alifikiri. "Basi nimekuja kwa wifi yangu. Kwangu maji yameganda ndani ya birika."

"Na kwangu unadhani kuna nini? Ufukwe?"

"Kwako kuna mtu."

Arshaluys akaufungua mlango zaidi. "Haya, ingia basi, unaniingizia baridi," akasema, wakati baridi ya ndani na ya nje ilikuwa ileile.

Wakaanza kuishi jikoni, kwa sababu vyumba vingine havikukalika. Vitanda viwili, jiko moja la bati, na mashine ya meno karibu na dirisha ili ipate mwanga. Nami nilipanda kila jioni na viazi vyangu vichache, tukichanganya kuni na chakula, kwa hiyo niliyaona mwenyewe.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa kuhusu chakula cha kinu. Mhandisi Hmayak, mkuu wa ukumbi wa mitambo, alipita kumwomba Arshaluys aje zamu ya ziada, na katika mazungumzo akasema kwamba umeme wa mji umekatwa mapema ili pampu za kinu zisikose. Fueli ya kinu hata kikizimwa inaendelea kutoa joto, na lazima ipozwe na maji muda wote.

Nvard aliweka kijiko chini. "Ngoja. Mnaniambia kwamba sisi tunakaa gizani, na kile kitu kilichozimwa kinakula umeme?"

"Kidogo tu, daktari."

"Kidogo! Mfu anakula na walio hai wanalala njaa!"

"Nani alimuua?" Arshaluys akauliza kwa upole wa kutisha. "Mimi sikusikia. Hebu tuambie nani alimuua."

"Mngekuwa mnajua kwamba hakizimiki, mngesema!"

"Tulisema! Mlikuwa mnaimba!"

Hmayak alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Lakini alirudi wiki ile ile akiwa ameshika shavu, limevimba kama mkate. Hakukuwa na daktari mwingine wa meno mji mzima mwenye mashine isiyohitaji umeme.

Nvard alimkalisha. Arshaluys alishika mshumaa. Mimi nilishika beseni.

"Fungua. Zaidi. Vizuri," alisema Nvard, mguu ukikanyaga, mashine ikilia. "Sasa niambie, Mhandisi. Ardhi ikitikisika hapa kama ilivyotikisika kule, nani ananihakikishia?"

"Aaah."

"Hujui. Na hizo hesabu zenu, nani alizifanya? Aliyefanya za Leninakan?"

"Aa-aah!"

"Anasema hapana," nikatafsiri.

"Wifi," Arshaluys akasema, nta ikimdondokea kidoleni, "umtoboe au umhukumu. Chagua moja."

"Naweza vyote."

Na aliweza. Majira yale karibu wafanyakazi wote wa kinu walipita kwenye kile kiti cha jikoni. Walileta unga, kitunguu, mguu wa meza wa kuchoma, mtu mmoja alileta jibini nzima kutoka kwa mama yake kijijini. Kila mmoja alitobolewa na kila mmoja alihojiwa akiwa hawezi kujibu. Walitoka wakiwa wazima meno na wamevurugika akili. Mlinzi wa lango alimwambia Arshaluys kwamba angependelea maumivu, lakini akarudi kwa jino la pili.

Kabati la nguo la Bagrat tulilichoma mwezi wa pili. Lilikuwa la mti wa jozi, la mama yao, na nilitegemea Nvard angelia. Ndiye aliyechukua shoka. Walichogombania ni pa kuanzia, milango au mgongo, na waligombana mpaka moto wenyewe ukakaribia kuzimika.

Halafu ikaja siku ya kuzungusha mihimili, na watu hawakutosha. Wawili walikuwa wagonjwa na wengine walishakwenda Urusi kama Bagrat. Arshaluys alikuwa anavaa viatu huku akitukana.

"Tuko wachache, haitageuka. Haitageuka, itapinda, na ndiyo itakuwa mwisho wake. Furahini basi. Pigeni ngoma."

"Mnahitaji wangapi?" Nvard akauliza.

"Unauliza ya nini?"

"Nimeuliza swali. Jibu."

"Yeyote mwenye mikono!"

Nvard akachukua koti lake. Mimi pia nikachukua langu, sijui kwa nini, nadhani sikutaka kukosa kuona. Langoni mlinzi alitakiwa kuturudisha. Alimtazama Nvard, akajigusa shavu, akageuka kutazama upande wa mlima.

Ukumbi ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa mrefu kama mtaa, kimya, na pumzi zetu zilitoka nyeupe. Mitambo ilikuwa imelala mmoja baada ya mwingine. Arshaluys alitupanga kwenye fimbo, akamweka Nvard mbele yake. "Sukuma nikisema. Usisukume kabla. Wewe unapenda kuanza kabla."

Tulisukuma. Hakuna kilichotokea. Tulisukuma tena, viatu vikiteleza, Hmayak akihema pembeni yangu, na ghafla chuma kile kikubwa kikakubali na kugeuka, polepole, bila sauti, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Hatukushangilia. Tulihamia unaofuata.

Tulipomaliza, Nvard alikuwa mwekundu uso mzima na kilemba kimemwangukia shingoni. Wote walikuwa wanamtazama.

"Mnatazama nini?" akasema. "Nilikuwa nasikia baridi. Msije mkasema niliunga mkono."

"Nani atasema?" Arshaluys alimjibu. "Umesukuma kama kuku."

Lakini usiku ule alimpa kitanda kilicho karibu na jiko, na Nvard akakichukua bila kushukuru.

Serikali mpya ilipotangaza kwamba Kinu cha Pili kitatayarishwa kuwashwa tena, wengi walewale waliokuwa wakipiga kelele kizimwe walipiga kelele kiwashwe. Arshaluys alikasirika upya. Ungedhani angefurahi. "Sasa wamekumbuka! Wameshachoma viti, wameshachoma milango, sasa wamekumbuka!" Kazi ilikuwa kubwa. Wageni wenye makoti mazuri walikuja kukagua, vyuma vya kuimarisha vikaongezwa kila mahali ili tetemeko likija mitambo isichezecheze, na yeye alirudi nyumbani kila siku na vidole vyeusi na malalamiko mapya. Cha Kwanza, walisema, kitabaki kimezimwa. Hilo nalo alililalamikia, ingawa alikubali, nikimbana, kwamba ilikuwa sawa.

Nvard peke yake ndiye hakubadilika. Kulipoitishwa mkutano katika jumba la utamaduni la mji, ili watu waelezwe, alivaa blauzi yake nyeupe ya kliniki akaenda kukaa mstari wa mbele. Jumba lilijaa. Hapakuwa na joto, tulikaa na makoti. Hmayak alieleza kwa muda mrefu, watu wakapiga makofi, na hapo Nvard akasimama.

"Mimi napinga," alisema.

Jumba zima likalipuka. Mtu alipiga mluzi. "Kaa chini, mama!" "Rudi Yerevan ukawashe mshumaa!" "Mtu kagandisha nchi, bado anasema!" Aliendelea kusema, lakini hakusikika. Mara ya kwanza maishani sauti yake haikutosha.

Arshaluys alikuwa nyuma, kati ya wenzake wa zamu. Alipita juu ya magoti ya watu, akakanyaga vidole, akafika mbele na kugeukia umati.

"Nyamazeni! Ninyi! We Rafik, unapiga mluzi kwa jino lipi? Si hilo alilokutibu yeye?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakatulia.

"Huyu alizika mtoto," Arshaluys akasema. Alisema kwa hasira, na sikujua amemkasirikia nani. "Mtoto alikuwa anakaa kwenye jengo ambalo mhandisi fulani alisema ni salama. Mama yake alituuliza swali siku ya mazishi, na mimi nikamjibu kama mjinga. Hajajibiwa mpaka leo. Nani kati yenu amemjibu? Mhandisi, simama. Sasa mdomo wako hauna kitu ndani. Mjibu."

Hmayak alisimama. Alivua kofia yake. Alisema jengo lilikaguliwa hivi na hivi, tanki hili limefungwa, bomba lile limeshikizwa, mtetemeko mkubwa kuliko ule wa Desemba umefanyiwa hesabu. Nvard alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mkubwa kuliko huo mliofanyia hesabu?"

Hmayak aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Sijui, daktari," alisema Hmayak. "Anayekwambia anajua, usimwamini. Mimi nakaa hapa na wanangu. Bila kinu nawaona wanakohoa kwa baridi kila mwaka, hilo nalijua. Hilo lingine silijui."

Nvard alikaa. Hakusema ameridhika. Alisema, "Hilo ni jibu," basi.

Tukiwa tunarudi, Arshaluys alikuwa mbele yetu anatembea haraka. Nvard akamwita, "Wifi." Hakusimama. "Wifi! Asante."

"Usinishukuru! Umenichelewesha zamu, umenifanya nimtukane Rafik mbele ya mkewe, na bado una makosa! Kinu kinawashwa!"

Kikawashwa vuli ile. Arshaluys alikuwa kwenye nafasi yake. Nilimuuliza alihisi nini mvuke ulipoingia na mtambo ukaanza kuzunguka, nikitegemea aseme alilia, maana Hmayak alilia, kila mtu alijua. Alisema alikuwa anasikiliza kama mhimili umepinda. Haukuwa umepinda. Alikaa chini juu ya ngazi ya chuma, akaambiwa asimame kwa sababu hairuhusiwi kukaa pale, akasimama.

Kwetu taa ziliwaka na hazikuzimika. Tulikaa tukizingoja zizimike. Watoto wa jengo walikuwa wanapanda na kushuka kwa lifti mpaka mtu akawafukuza. Nvard alikuwa ameshafungasha. Alisema hatalala hata siku moja zaidi chini ya kinu kinachofanya kazi. Arshaluys aliporudi kutoka zamu, alimkuta anaburuta mashine ya meno kwenye ngazi, kidato kwa kidato.

"Lifti ipo."

"Sipandi lifti ya kinu chenu."

"Asubuhi umekunywa chai ya nani? Birika lilichemka kwa maombi?"

Nvard aliendelea kuburuta. Arshaluys akashika upande wa pili, wakaishusha pamoja ghorofa zote, wakizozana kila kona nani anavuta vibaya. Nvard akapanda basi akaenda. Majani hayajamalizika kuanguka, akarudi. Alisema Yerevan wagonjwa wake wote wamehamia nchi za nje, na hapa kuna midomo aliyoiacha nusu. Mji ukampa chumba karibu na chekechea yangu, na mashine ya umeme. Aliitumia. Kila alipoiwasha alivuta midomo kama mtu anayemeza dawa.

Bagrat naye alirudi, baada ya miaka, wakati wa kuiva aprikoti, na kofia ya manyoya kichwani katika jua lile. Alibeba masanduku mawili na tabasamu. Siku zote hizo barua zake zilikuwa zikipungua, na mji mzima ulikuwa na maoni kwa nini. Alikuta mkewe na dada yake mezani wakichambua mchele.

"Kabati la mama liko wapi?" ndilo alilouliza kwanza, maskini.

"Tumeliotea moto," Arshaluys akasema.

"Lote?"

"Ungekuwepo," alisema Nvard, "tungekuachia mlango mmoja ulale juu yake."

Alimgeukia dada yake kutafuta huruma, akidhani damu ni damu. Nvard alimwambia aoshe mikono akae, chakula kipo, lakini asitegemee kusifiwa. Alikaa. Amekaa mpaka leo, amezeeka, ni mtu mpole, anatengeneza mabomba ya jengo zima bila kudai shukrani. Arshaluys hakumsamehe kwa maneno. Alimnunulia kofia ya majani, akaitupa ile ya manyoya.

Kinu cha Pili bado kinafanya kazi. Mara kadhaa wametangaza mwaka wa kukizima, na mwaka ukifika wanausogeza. Kila walipotangaza, Nvard alivuka uwanja akaja kwa wifi yake kusema, "Umesikia? Safari hii kweli." Na Arshaluys, hata alipokuwa ameshastaafu, alijibu, "Kazibe meno." Nimeyasikia hayo mpaka nikawa nayasema nao.

Nvard alikufa masika iliyopita, usingizini. Alikuwa ameomba azikwe kaskazini, karibu na Zarmine, tukampeleka. Kulikuwa na upepo mkali. Bagrat alilia sana. Arshaluys alisimama na mikono mfukoni, akamkemea mchimba kaburi kwa kuacha koleo njiani.

Tuliporudi, lifti ilikuwa imeharibika, tukapanda kwa miguu. Kwenye mlango wangu akasimama kuvuta pumzi.

"Miaka yote hii aliniambia kitazimwa kabla hajafa," alisema. "Nikamwambia hakitazimwa. Hakikuzimwa. Sasa hilo nimwambie nani?"

"Niambie mimi."

"Wewe!" Aliniangalia kwa kero ileile ya siku zote. "Wewe unakubali kila kitu, Knarik. Nani anaweza kugombana na wewe?"

Akaniuliza kama nina vitunguu. Nikampa viwili, akapanda kwake.